Usinisindikize

Mguu wangu wa kulia haujui kutulia. Nikiketi, goti linapanda na kushuka kana kwamba linashona nguo, na mama yangu amelichapa goti hilo kanisani mara nyingi, akininong'oneza, "Ngai, Mungu wangu, tulia, watu wanaangalia." Nilipokuwa mdogo alisema ni minyoo, akaninywesha dawa. Nilipoanza kusoma saikolojia akasema sasa ni vitabu. Mimi mwenyewe sijui ni nini, na yeyote wa idara yetu atakayejaribu kunieleza nitamwambia akachunguze goti lake.

Idara yetu ilikuwa orofa ya tatu ya jengo moja hapa Kitengela, juu ya duka la vyuma na chini ya kanisa. Asubuhi tulifundisha kuhusu ubongo huku chini wakikata mabomba, na jioni tulifundisha kuhusu huzuni huku juu wakipiga ngoma. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili na pia mwalimu msaidizi wa mwaka wa kwanza, kazi ya kushikilia tu, ambayo ningepewa rasmi siku nitakapomaliza tasnifu. Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili. Barua ya mwisho kutoka ofisi ya uzamili ilisema hakuna mara ya tatu: Ijumaa, saa kumi na moja jioni, tasnifu iwe mezani, la sivyo jina langu linafutwa na kazi inatangazwa. Niliibandika barua hiyo ukutani, kando ya kitanda. Nilikuwa nikiamka naisoma, nikipiga mswaki naisoma.

Utafiti wenyewe ulihusu wanawake wa familia za wafugaji huku Kisaju, waliopoteza ng'ombe katika kile kiangazi kirefu. Nilikuwa na fomu ya maswali kumi na mawili. Katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi? Umekosa hamu ya kula? Umeona maisha hayana maana? Jibu ni sifuri kama hapana, na linapanda mpaka tatu kama ni kila siku. Aliyenitafsiria ni mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa huko, rika langu, mwenye mdomo usio na breki. Kwa hivyo nilimfundisha siku nzima, nikamwonya: tafsiri yaliyoandikwa peke yake, usiongeze hata "pole". Akaniuliza, "Hata mtu akilia?" Nikamwambia akilia tunasubiri, halafu tunaendelea na swali linalofuata. Alinitazama, akasema haya basi, ni fomu yako.

Tulifanya kazi upesi, na upesi huo ulinipa majivuno. Tunafika bomani, "Takwenya," nasema, mama anaitikia, "Iko," tunaketi, tunasoma karatasi ya idhini, anaweka kidole gumba, tunauliza, tunashukuru, tumeenda. Dakika ishirini. Kila mama, tukimaliza, alikuwa akisimama, anajifunga shuka vizuri, anataka kututoa hadi barabarani. Nami kila mara nilimzuia, nikimwita Yeyo, yaani mama, kama wenyeji. "Hapana Yeyo, baki tu, jua ni kali, usinisindikize." Niliona hiyo ndiyo heshima. Hata kwenye ombi langu kwa kamati ya maadili nilikuwa nimeandika kwamba sitachukua muda wa mtu zaidi ya unaohitajika.

Lakini kuna jambo lilianza kunikera. Majibu yalikuwa sifuri. Huyu sifuri, yule sifuri, mwingine sifuri tupu kutoka juu mpaka chini. "Meeti enyamali," walisema, hakuna shida, kwa sauti ile ile waliyoitikia nayo salamu. Nje ya boma mifupa ya ng'ombe imelala kando ya waya, na ndani ya karatasi yangu hakuna mtu aliyekosa usingizi.

Mmoja wao sikumsahau. Nilipomhoji alikuwa akisafisha kibuyu cha maziwa. Alichovya kijiti chenye moto ndani, akazungusha, moshi ukatoka, akapangusa majivu, akarudia. Alifanya hivyo maswali yote kumi na mawili, bila kuharakisha, akijibu sifuri, sifuri. Nami nilikuwa nimejaza mwenyewe juu ya ukurasa: ng'ombe waliobaki, hakuna. Mbuzi wa maziwa, hakuna. Kibuyu cha nini basi? Swali hilo halikuwa kwenye fomu. Nilipofunga begi alisimama, akashuka nami hatua mbili hadi mlangoni pa boma, nikamwambia, "Yeyo, baki, jua ni kali, usijisumbue." Akabaki amesimama na kibuyu chake. Niligeuka mara moja nikiwa kwenye boda, nikaona bado amesimama.

Msimamizi wangu alisoma fomu zile akiwa kwenye gari lake, mlango wazi, mguu mmoja nje, kwa sababu alikuwa akifundisha matawi matatu na ofisi yake halisi ilikuwa hilo gari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyenitakia nimalize.

"Vizuri sana," akasema. "Ustahimilivu. Jamii ya wafugaji ni stahimilivu. Hiyo ndiyo tasnifu yako."

"Daktari, lakini wote? Mimi ninayepikiwa na mama yangu, nikijaza fomu hii napata kumi na saba."

"Basi wewe si mfugaji." Akacheka, akawasha gari. "Binti yangu, data ni data. Andika, ulete Ijumaa, nisaini. Usijitafutie maneno."

Nikaandika. Sura ya nne niliimaliza kwa siku tatu, na kila ukurasa ulikuwa na neno ustahimilivu, hadi nikawa silipendi hata kwa sura. Usomaji wake ulikuwa mtamu. Hapo ndipo nilipoanza kushuku, maana mimi maandishi yangu hayajawahi kuwa matamu.

Nyumbani hapakuwa na msaada. Niliishi na mama, kwenye nyumba ambayo baba aliiacha bila kuipiga plasta alipofariki mwaka juzi. Mama anauza nafaka sokoni. Ananiita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Kila asubuhi nikishika begi, naye anavuta sweta mabegani. "Ngoja nikutoe, maitu. Nilikuwa naenda kuangalia majani chai pale mbele." Siku nyingine ni chumvi, siku nyingine ni kiberiti. Nami nikiwa tayari nje: "Mama, rudi, nimechelewa, nitakuletea mimi." Jioni narudi na majani chai, napata kuna pakiti mbili nyingine kabatini. Nikimuuliza amelalaje, anasema, "Salama." Nikaona ni mama tu na uzee wake.

Jumatatu ya wiki ile nilifundisha mwaka wa kwanza somo la kusikiliza. Niliandika ubaoni: mtazame mtu usoni, inama mbele kidogo, usimkatize. Kuna mwanafunzi mmoja mama mtu mzima, ana saluni mtaani, hachukui noti, ananiangalia tu. Akainua mkono.

"Mwalimu, na kama mtu hasemi?"

"Unampa nafasi."

"Nafasi gani? Huku kwangu mtu anakaa kwa kiti masaa matatu, anasema kila kitu kiko sawa. Ile ya ukweli anasema akishalipa, ameshika mlango."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikasema hilo ni jambo la kuvutia, tutalijadili wiki ijayo. Walimu tunasema hivyo tukiwa hatuna jibu. Goti lilikuwa likipiga meza kutoka chini mpaka kalamu ikaanguka.

Jumatano mwalimu wa chekechea alikuja mjini kusaini karatasi ya tafsiri. Nikampeleka hoteli moja karibu na stendi, tukala chapati na maharagwe. Nilimwambia matokeo. Akaacha kutafuna.

"Ati nini? Ati wako sawa?"

"Si ulikuwa hapo? Si wewe ulitafsiri?"

"Nilitafsiri salamu, dada. Wewe uliuliza salamu, ukapewa salamu." Akavuta sahani yake karibu. "Kwani kwenu mgeni akiingia tu, unamwambia huli, hulali? Unamwambia tuko wazuri. Anakunywa chai, anapumzika, anasimama. Sasa unamtoa. Ile ya ukweli inatoka huko njiani, kama hamuangaliani. Wewe kila mama alisimama akutoe, ukamkalisha chini. Wote! Mpaka nikaona aibu."

"Na hukuniambia?"

"Uliniambia nisiongeze hata pole!"

Nilikasirika. Nilimkasirikia kabisa, nikamwambia angeweza kuniambia kwenye boda, angeweza kuniambia kwa simu, angeweza kuniambia siku yoyote isipokuwa Jumatano. Aliniacha niseme mpaka nikaisha, akachukua chapati yangu iliyobaki, akasema, "Umemaliza? Sasa pole." Kilichonichoma zaidi ni kwamba nilijua hayo yote. Kwetu pia mgeni hutolewa. Nyanya yangu alikuwa akimtoa mgeni hadi ng'ambo ya mto, wanasimama huko saa nzima, na sisi watoto tulijua tusisogee. Nilijua, nikasoma miaka sita, nikasahau.

Alhamisi asubuhi tasnifu ilikuwa imechapwa na kufungwa, iko begini, bado sahihi ya msimamizi tu. Nilisimama stendi. Upande mmoja ni idara. Upande wa pili ni magari ya kwenda Kisaju. Nilijiambia nitaenda kwa yule mama mmoja tu, wa kibuyu, nirudi saa nane. Moyoni nilikuwa nikiomba anifukuze, nirudi na dhamiri safi.

Mwalimu wa chekechea alikuwa darasani, kwa hivyo nilikwenda peke yangu. Yule mama aliponiona aliangalia nyuma yangu, akitafuta mtafsiri, halafu akaniangalia mikono.

"Karatasi iko wapi?" akauliza. Kwa Kiswahili! Muda wote ule alikuwa na Kiswahili, na mimi sikuwa nimeuliza.

"Sina karatasi, Yeyo. Nimekuja kusalimia."

"Kusalimia tu?" Alicheka kidogo kwa kutoamini. Akanipa kiti, akanipa chai ya rangi, halafu akaendelea na kibuyu chake. Tulikaa. Aliniuliza habari za mama yangu, nikasema mzuri. Nikamuuliza habari za hapa, akasema nzuri. Saa ilikuwa ikienda. Goti likaanza mambo yake, akalitazama, akanyanyua kile kibuyu akaniwekea mapajani. "Shika hii, nakerai, mwanangu. Nitafute moto." Kwa kuogopa kukiangusha, goti likatulia. Sijui alikaa huko nje muda gani. Nilikuwa nimekumbatia kibuyu kinachonuka moshi, na tasnifu iko kwenye begi miguuni, na sikuenda popote.

Hatimaye nikasema, "Yeyo, naenda." Akasimama, akajifunga shuka. Maneno yale yalinijia mdomoni yenyewe, baki tu, jua ni kali, nikayauma.

Tukatoka. Alitembea polepole, na miguu yangu ikaniuma kwa kujizuia. Kwanza alisema kuhusu mbuzi wa jirani. Halafu kuhusu binti yake aliyeolewa. Halafu akanionyesha ua wa waya na nyumba mpya za watu wa mjini, akasema hii ilikuwa yetu, ile pia ilikuwa yetu. Udongo ulikuwa umepasuka, tukawa tunaruka nyufa. Tulipopita mti wa mwisho wa miiba na kuanza kusikia malori ya barabara ya Namanga, akasimama, akaangalia lami, hakuniangalia mimi.

"Mimi silali," akasema.

Sikuinama mbele. Sikumtazama usoni. Niliangalia lami pamoja naye.

"Mzee alipeleka ng'ombe mpaka Ewuaso Kedong kutafuta nyasi. Alirudi na kengele zao kwa gunia. Hiyo tu. Tangu arudi haongei. Anakaa. Mimi nafukiza kibuyu kila siku ndio asikie harufu ya maziwa, asifikirie imeisha kabisa." Lori likapita. "Na mimi asubuhi nakuja hapa. Nasimama. Naangalia hizi gari kubwa. Nafikiria kitu mbaya."

Kuna jambo moja idara yetu ilinifundisha vizuri, na nitaishukuru hadi kufa: hapo unauliza wazi wazi, huzunguki. "Yeyo, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo," akasema. "Hata jana. Ile siku ya karatasi nilitaka kukuambia hapa. Ukasema nibaki, jua ni kali."

Nililia. Sitadanganya kwamba nilikuwa mtaalamu. Nililia barabarani nikasema nisamehe Yeyo, na yeye akawa ndiye wa kunishika mkono, akisema nyamaza, nyamaza, watu wanaona. Tuliporudi bomani pamoja, nikiwa nimemshika, alisema, "Sasa ni wewe unanisindikiza," na tukacheka wote wawili na makamasi. Sikurudi Kitengela siku hiyo. Nilimpigia mwalimu wa chekechea, akaja na shangazi yake, jirani ambaye mama yule humwamini, wakabaki naye.

Ijumaa saa nne tulikuwa kwenye benchi la hospitali, Kajiado mjini, tukimngojea muuguzi wa afya ya akili. Foleni ilikuwa ndefu. Msimamizi wangu alipiga simu mara tatu kabla sijashika.

"Binti yangu, uko wapi? Nimekuja na kalamu."

"Niko Kajiado, Daktari. Na mama mmoja wa fomu zangu. Wa sifuri."

"Tasnifu?"

"Iko kwa begi. Lakini si kweli, Daktari. Kila ukurasa si kweli."

"Tuma mtu ailete, tutarekebisha mbele ya safari. Saa kumi na moja ikipita mimi sina la kufanya."

"Najua."

Nilisikia mlango wa gari lake ukifungwa. Nilidhani amekata. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Mama mwenyewe anaendeleaje?" Nikamwambia wametuita.

Ofisi ilifungwa saa kumi na moja. Jina langu likafutwa, na kazi alipewa mwingine, kijana mzuri tu, tunasalimiana. Mwaka uliofuata nilijiandikisha upya na kuanza kutoka sura ya kwanza. Fomu zile, zote arobaini, nilizirudia kwa miguu, na nyingi hazikubaki sifuri. Yule mama bado anakwenda kwa muuguzi. Sasa hulala usiku mmoja mmoja, anasema. Kibuyu bado anakifukiza.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, kesho yake, niliamka sina pa kwenda. Niliitoa barua ukutani. Nilichukua begi kwa mazoea, nikafungua mlango, na nyuma yangu nikasikia sweta ikivutwa.

"Ngoja nikutoe, maitu. Nilikuwa naenda kuangalia majani chai."

Nilishafungua mdomo. Neno "rudi" lilikuwa limeshafika menoni. Nikageuka nikamwona mama yangu, na vidole vyake kwenye kifungo cha sweta, akisubiri kuambiwa.

"Twende," nikasema.

Hakuamini. Alifunga kifungo vibaya, akafungua, akafunga tena. Tulitoka. Alisema kuhusu bei ya mahindi, halafu kuhusu mbwa wa jirani, halafu kuhusu plasta. Nilijizuia kwa nguvu zangu zote nisimtangulie. Kwenye kona ya kinyozi, pale duka la majani chai lilipo, hakugeuka kuingia. Aliangalia barabara mbele.

"Unajua tangu baba yako aende sijalala usiku mzima," akasema.

Mwaka juzi. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja.

Stendi ilikuwa mbele yetu, makanga wakinipigia kelele kwa kunijua, wakiniita mwalimu, mwalimu, kiti kimoja. Tukapita stendi, tukaendelea kutembea.